Ukuta Uliomsubiri Twaha

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kabla hajakanda unga wa maandazi, Zaituni alipiga magoti kando ya kitanda, akaingiza mkono mvunguni, akavuta kopo la rangi na kuligeuza juu chini. Kisha alilirudisha mahali pake, akapangusa vumbi la magoti, akaenda jikoni. Kopo hilo lilikuwa la lita tano, halijafunguliwa hata siku moja, na mumewe Twaha ndiye aliyemwachia kazi ya kuligeuza. Rangi ya mafuta ikiachwa upande mmoja kwa miezi mingi, alimweleza, uzito wake wote hushuka ukawa tope gumu lisilokorogeka. Alimwomba asisahau, kwa sababu atakaporudi kutoka Muyinga atataka kuikuta ingali hai.

Hayo aliyasema Julai ya mwaka 1996, akiwa amesimama mlangoni na mfuko wa zana begani. Sasa ilikuwa Mei ya mwaka 2001, na Zaituni alikuwa ameligeuza kopo mara hamsini na nane.

Rangi iliyokuwamo ilikuwa samawati, na ilikusudiwa ukuta mmoja tu. Nyumba yao ya Nyamugari, mjini Gitega, ilikuwa ya mbao tangu kwenye msingi wa mawe hadi chini ya mabati, jambo la ajabu kidogo katika mtaa wa matofali. Twaha alizinunua mbao hizo wakati ghala la zamani la kahawa lilipovunjwa. Alizipigilia kwa kuzilaza, kila moja ikiufunika ukingo wa ile iliyo chini yake kama magamba ya samaki, ili maji ya mvua yateremke bila kupata pa kuingilia. Kuta tatu alizipaka Februari ya mwaka ule, katika zile wiki chache ambazo mvua hupumzika. Ukuta wa nne, wa magharibi, ulichelewa kupata mbao, na masika yakaukuta ukiwa mtupu.

Houssein, kaka yake Zaituni, fundi cherehani asiyependa kazi iliyolala kiporo, alimshauri shemeji yake aupake hivyo hivyo yaishe. Twaha alikataa kwa upole wake wa kawaida. Mbao iliyokunywa maji, alisema, jua likiwaka huyatafutia maji yake njia ya kutokea, na njia hiyo ni kupitia kwenye rangi. Itafura malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto, na baada ya mwaka mmoja utaikwangua yote. Ukuta ungesubiri kiangazi. Kiangazi kilipofika, ikaja kazi ya Muyinga: nyumba ya mbao ya mama mmoja mfanyabiashara, kazi ya wiki sita. Alihesabu siku kwa vidole mbele ya mkewe. Angerudi mwanzoni mwa Septemba, ukuta wa magharibi ukiwa umekauka hadi moyoni, na mvua bado.

Mwezi huohuo wa Julai serikali ilipinduliwa. Nchi jirani zikafunga mipaka kwa biashara, na barabara ya Karuzi, ndiyo iendayo Muyinga, ikawa ya kupitwa kwa bahati. Septemba ilipita, mvua zikaanza, na Twaha hakuonekana. Zaituni alituma salamu kwenye msikiti wa Muyinga kupitia kwa dereva mmoja. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili: fundi rangi huyo hajulikani alipo. Jina la mama mwenye nyumba Zaituni hakulijua. Hakuwa amemuuliza mumewe, kwa kuwa hakuna mtu anayeuliza jina la mteja wa wiki sita.

Basi ukuta ukabaki. Mvua za mwaka wa kwanza ziliufanya wa manjano mabaya, za mwaka wa pili zikaufanya wa kijivu, na kufikia mwaka wa nne mbao mbili za chini zilikuwa zimelainika kiasi cha kupokea ukucha. Houssein alileta fundi mara mbili, na mara mbili Zaituni alimpa fundi chai, akamshukuru, akamrudisha. Majirani walifikiri ni ukaidi. Yeye alijua kwamba siku mkono mwingine utakapoupaka ukuta ule, nyumba nzima itakuwa imesema kwamba Twaha harudi.

Sheikh wa mtaa alikuwa amemweleza tangu zamani hukumu ya mke ambaye mume wake amepotea: baada ya miaka minne ana haki ya kuja, asomewe, akae eda ya mjane miezi minne na siku kumi, kisha maisha yake yawe mikononi mwake. Miaka minne ilitimia, na Zaituni hakwenda. Kuna lililomzuia zaidi ya ukuta. Nyamugari palikuwa na maneno. Wanawake wa kisimani walisema kwamba wanaume wengi waliokwenda upande wa mpaka hawakufa. Walivuka, wakaoa, wakasahau. Houssein mwenyewe, siku aliyokasirika, alilisema wazi mbele ya wateja wake.

"Mwanaume haachi ukuta miaka mitano," alisema. "Anaacha mwanamke. Ukuta ni bahati mbaya tu."

 Tangu siku hiyo Zaituni alitembea na swali moja, akalala nalo na kuamka nalo: yeye ni mke, ni mjane, au ni mwanamke aliyeachwa? Hakuweza kukaa eda ya mtu ambaye huenda alikuwa akila chakula cha jioni mahali fulani, na hakuweza kumkasirikia mtu ambaye huenda alikuwa chini ya udongo.

*

Baguma alikuwa Mkongomani kutoka upande wa Uvira, mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa kule ziwani, na mafuta ya mawese, mtu wa mzaha na sauti kubwa. Kila alipokuwa Gitega alikaa asubuhi kwenye benchi la baraza ya Zaituni, akala maandazi sita na kumtania. Nyumba ya Zaituni, alipenda kusema, inafanana na mtu aliyenyolewa robo tatu ya kichwa halafu kinyozi akaitwa msibani.

Asubuhi moja ya Mei alikuja bila mzaha. Alikula andazi moja, akalishika la pili bila kuliuma. Alikuwa ametoka Muyinga kwa mara ya kwanza, alisema. Biashara ilimpeleka huko. Mvua ilimkamata sokoni, akakimbilia chini ya paa la nyumba moja ya mbao, akachuchumaa ukutani na mzigo wake kichwani. Akiwa amechuchumaa hivyo, akitazama juu, aliona jambo.

"Dada Zaituni, we unajua mi sina macho ya fundi," alisema. "Lakini miaka yote hii nakaa kwa hili benchi lako, nainama kufunga kiatu, naona zile mbao zako chini yake zimepakwa. Pale hakuna mtu anaangalia. Nilikucheka, unakumbuka?"

Zaituni alikumbuka. Ilikuwa tabia ya Twaha ambayo mafundi wenzake waliiita kupoteza rangi. Yeye alishikilia kwamba mbao hainywi maji kwa uso. Hunywa kwa ukingo wa chini, ambapo matone hujikusanya na kuning'inia, na kwenye ncha zilizokatwa na msumeno, ambapo nyuzi zake ziko wazi kama midomo. Kwa hiyo alianza huko kwanza, kwa brashi nyembamba, kabla hajaugusa uso.

"Ile nyumba ya Muyinga iko vile vile," Baguma aliendelea. "Chini ya kila mbao, kijani. Nikauliza mwanamke mmoja anauza vitunguu pale, nani alifanya hii kazi? Akasema fundi mmoja Mwislamu, wa Gitega."

Zaituni aliliweka chini bakuli la unga. Aliuliza rangi ilikuwa na hali gani.

"Mpya," alisema Baguma, na hapo ndipo alipoinamisha macho. "Inang'aa, dada. Kama ya mwezi uliopita. Mi sikutaka kukuambia, lakini kunyamaza pia niliona si vizuri."

Alipoondoka, Zaituni alimalizia kukaanga maandazi yote, akayapanga kwenye sinia kwa safu zilizonyooka, akayauza hadi la mwisho. Furaha ilimjia kwanza: Twaha yu hai, anashika brashi, anainama kupaka chini ya mbao. Kisha, nyuma ya furaha hiyo, likaja jambo jingine, likakaa. Kama rangi ni ya mwezi uliopita, basi Twaha amekuwa Muyinga miaka yote mitano, siku moja ya safari kutoka nyumbani kwake, na hakutuma hata salamu.

Houssein aliposikia, alitaka kwenda mwenyewe, na fimbo. Zaituni alikataa. Alimwambia kaka yake kwamba ukuta ule hataweza kuusoma.

*

Aliondoka katikati ya Juni, katika basi dogo lililofuatana na magari mengine kumi na moja chini ya ulinzi wa askari. Karuzi walisimamishwa saa tatu nzima bila kuelezwa sababu, na abiria walikaa kando ya barabara wakila ndizi na kuepuka kutazama vilima. Zaituni alikuwa amevaa kitenge kizuri, akakionea haya; hakujua amevaa kwa ajili ya kumpendeza mume au kwa ajili ya mwanamke mwingine amwone.

Muyinga aliingia alasiri. Hakuhitaji kuuliza sana. Nyumba ilikuwa nyuma ya soko, ndefu, ya mbao, yenye duka la vitenge upande wa mbele, na rangi yake ya kijani iliyokoza ilionekana kabla ya jengo lenyewe. Baguma hakusema uongo. Jua la alasiri lililala juu ya ukuta na ukuta ukalirudisha. Hapakuwa na ufa, hapakuwa na lengelenge. Kila kichwa cha msumari kilikuwa kimezamishwa, kikazibwa na kupakwa, hata usiweze kujua mbao zimeshikwa na nini. Kila mvuto wa brashi ulikwisha kwa kuelekea upande wa kivuli. Zaituni aliinama kama anayefunga kiatu, akatazama chini ya mbao ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kijani, kijani, kijani.

Alijua kwamba mtu aliyefanya kazi ile alikuwa amelala kando yake miaka tisa.

Alisimama akiwa amefumba mkono. Hakuna mtu wa Muyinga ambaye angeuelewa woga wake wa wakati huo, kwa maana lililobaki lilikuwa jambo la kitoto: kuugusa ukuta. Twaha alimfundisha katika mwaka wao wa kwanza wa ndoa, wakitembea mitaani Gitega kama wengine wanavyotembea kutazama maduka. Alikuwa akisimama mbele ya nyumba ya mtu na kumwambia aweke kiganja, asugue mara moja, atazame. Rangi changa haitoi kitu. Rangi iliyopigwa na jua na mvua, hata ikiwa imeshika imara na kung'aa machoni, huanza kuachia unga mwembamba juu ya uso wake. Kila mwaka unga huongezeka kidogo. Jicho hudanganywa na kazi nzuri, alikuwa akisema, kiganja hakidanganywi.

Na kiganja chake Zaituni kilikuwa na kipimo chake. Kila siku alipouegemea ukuta wa baraza yake kuinua sinia, mkono wake uliondoka na samawati. Alijua uzito wa unga wa rangi ya mwaka 1996 kama anavyojua uzito wa kibaba cha unga wa ngano.

Aliweka kiganja kwenye ukuta wa kijani. Alisugua mara moja. Alikitazama.

Kilikuwa kijani kutoka kwenye kifundo hadi kwenye ncha za vidole, unga laini, ukijaza mistari yote ya ngozi. Ulikuwa sawasawa na ule wa nyumbani.

Akasogea hatua kumi, akajaribu kwa mkono wa kushoto, mahali penye kivuli. Unga ulipungua kama ambavyo ungepungua nyumbani mahali penye kivuli. Mwezi uliopita hapakuwa na mtu hapa, wala mwaka uliopita. Ukuta huu ulipakwa kiangazi kile kile alichoondoka, ukapakwa vizuri kupita kiasi, na kwa uzuri wake ukamdanganya Baguma, naye Baguma akamletea mume hai kwenye benchi la baraza.

Mwanamke mnene mwenye miwani alitoka dukani akamkuta amesimama hivyo, viganja vyote viwili mbele ya uso wake kama anayeomba dua. Alimuuliza kwa upole kama amechafuliwa na rangi, akamwomba radhi, akasema ajabu, mwenyewe alifikiri haitoki.

"Mama," alisema Zaituni, "mi natafuta fundi aliyepaka hapa. Anaitwa Twaha. Ni mume wangu."

Mwanamke yule alivua miwani.  Kisha alimshika mkono, ule wenye unga, akamwingiza ndani.

*

Jina lake lilikuwa Donatienne, mzaliwa wa Bukavu aliyeolewa Muyinga na kubaki mjane mapema. Alimsimulia mgeni wake yote kwa utaratibu, bila kuharakisha na bila kupamba, na Zaituni alimshukuru kwa hilo baadaye.

Kazi ilimalizika wiki ya mwisho ya Agosti. Twaha alilipwa siku hiyohiyo, na kulikuwa na gari la kwenda Gitega kesho yake, na jingine siku ya tatu. Hakupanda. Alikuwa na desturi moja ambayo Donatienne aliicheka, na ambayo Zaituni aliijua vizuri: hakuikubali kazi yake kuwa imekwisha mpaka mvua ya kwanza iipitie. Alitaka kuyaona maji yakiteremka mwenyewe. Kama kulikuwa na ufa, mvua ndiyo ingemwonyesha, naye angeuziba kabla hajaondoka. Basi alikaa siku kumi na mbili, akila ugali wa Donatienne, akitazama mawingu. Kila jioni alisema ana ukuta mwingine nyumbani unaomsubiri, na kwamba mke wake atakuwa ameligeuza kopo.

Mvua ilinyesha Jumapili. Twaha aliizunguka nyumba mara tatu, akiwa ameloa chapachapa, akicheka peke yake. Jumatatu asubuhi alipanda lori la maharage lililokuwa likienda Gitega kwa njia ya Karuzi. Dereva alikuwa amejaza watu, akakataa mizigo, kwa hiyo Twaha alimwachia Donatienne zana zake, ampelekee kwa gari litakalofuata.

"Ile camion haikufika Karuzi, ilishambuliwa njiani," alisema Donatienne. "Siku ya tatu ndiyo tulisikia. Waliokuwa ndani walizikwa pale pale na watu wa kilimani, wote pamoja. Hakuna aliyeandika majina."

Alikuwa ameandika barua, akampa dereva, akiandika juu yake tu "Mke wa fundi Twaha, Gitega". Hakujua kama ilifika. Baada ya wiki chache yeye mwenyewe alikimbilia Tanzania, akafunga nyumba, akarudi mwaka uliopita tu. Kwa hiyo miaka yote ile, yeyote aliyetumwa kuulizia alikuta ukuta mzuri na mlango uliofungwa.

Zaituni aliuliza jambo moja. Aliuliza zana zile zilikuwa zimefungwa vipi.

Donatienne alikwenda chumba cha nyuma, akarudi na mfuko. Hakuwa ameufungua. Zaituni aliuweka mapajani, akafungua kamba. Brashi tatu zilikuwa ndani, zimeoshwa kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, hadi nywele zake zikawa safi kama za mtoto, zimeviringishwa kwenye gazeti na kufungwa kwa uzi. Zaituni alizishika. Fundi anayekusudia kurudi kwenye kazi huacha brashi ndani ya kopo la mafuta, haoshi, hafungi. Brashi hufungwa kazi ikiwa imekwisha na mwenye nayo anakwenda kwake.

Chini ya brashi palikuwa na karatasi tatu za msasa laini, mpya, hazijakunjwa. Nyuma ya ile ya juu, kwa penseli na kwa mwandiko wake uliolalia kulia, Twaha alikuwa ameandika: *Magharibi. Mbao 19. Ncha kwanza.*

Ukuta wa nyumbani ulikuwa na mbao kumi na tisa.

Zaituni aliketi akiwa ameyashika maandishi hayo mpaka jua likashuka nyuma ya soko. Twaha alikuwa anarudi. Miaka mitano yeye aliogopa kwamba Twaha hakumtaka, na sasa alikuwa na hakika kwamba alimtaka, kwamba siku ile alikuwa njiani, akihesabu mbao. Na ndani ya hakika hiyo palikuwa na jambo ambalo asingeweza kumwambia Houssein, wala sheikh, wala mtu mwingine yeyote: kwamba angekuwa radhi kumkuta Muyinga, na mke mwingine, na watoto watatu, mradi amkute.

"Ningemwambia asisubiri mvua," alisema Donatienne, akifuta miwani. "Mi nilimcheka tu."

"Angesubiri, mama," alijibu Zaituni. "Mi mwenyewe nilishindwa miaka tisa."

*

Alirudi Gitega na mfuko wa zana, akamsimulia kaka yake. Houssein alisikiliza hadi mwisho, kisha akatoka nje, akakaa kwenye benchi akielekeza uso wake barabarani.  Aliporudi ndani alisema atamtafuta fundi mzuri, wa kulipwa vizuri.

"Fundi yuko," alisema Zaituni. "We nibadilishie zile mbao mbili za chini, basi."

Kiangazi kilikuwa kimeshika. Houssein alizing'oa mbao zilizooza, akapigilia mpya zilizokwisha kukauka, na Zaituni akaanza. Alijifunga kitenge cha zamani, akakwangua ukuta kutoka juu kwenda chini, kwa kufuata nyuzi za mbao, akiuondoa ule ukijivu uliokufa mpaka akafika kwenye mbao yenye rangi ya asali. Aliujua msingi wa jambo hilo: rangi ikipakwa juu ya ngozi iliyokufa hushika ngozi hiyo, na ngozi ikibanduka huenda nayo. Wiki nzima mabega yalimuuma kiasi cha kushindwa kuinua sinia. Majirani walipita wakimtazama. Mmoja wa wale wa kisimani alisimama, akauliza kama siku hizi biashara ya maandazi imekuwa mbaya hivyo. Zaituni alimjibu kwamba anamalizia kazi ya mume wake, na mwanamke yule, ambaye habari ilikuwa imekwisha kumfikia, aliweka ndoo chini akamsaidia kubeba maji ya kuoshea.

Aliuosha ukuta kwa maji na sabuni, kisha akauacha. Houssein alimwuliza siku ya nne anangoja nini. Alingoja wiki mbili na nusu, akigusa mbao kwa shavu kila asubuhi, maana shavu huhisi ubaridi wa maji ambao mkono haujui. Shavu liliporidhika, aliupiga ukuta msasa wa Twaha. Karatasi mbili alizitumia zikaisha. Ya tatu, yenye maandishi, aliiweka ndani ya Kurani yake.

Ijumaa ya kwanza ya Agosti alivuta kopo kutoka mvunguni. Hakuligeuza. Alilibeba nje, akaingiza bisibisi chini ya kifuniko, akainua. Juu palikuwa na ngozi nyembamba, kama ya maziwa yaliyochemka. Aliikata ukingoni akaitoa nzima. Chini yake palikuwa na samawati, laini, yenye kung'aa, bila tope lolote. Aliikoroga kwa kijiti muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alianza na ncha. Kisha akalala chali juu ya gunia kwa mbao za chini, akapanda kiti kwa zile za juu, brashi nyembamba mkononi, akapaka chini ya kila mbao, kumi na tisa, mahali ambapo hakuna mtu anayetazama, matone yakimwangukia kwenye paji la uso. Ndipo akausogelea uso wa ukuta. Mkono wa kwanza wa rangi aliulegeza kwa mafuta ili mbao iunywe, akauacha ukauke siku tatu. Mkono wa pili alivuta mwembamba, na wa tatu mwembamba zaidi, akianza asubuhi umande ukiisha na kuacha jua linapohamia upande ule, kila mvuto akiumalizia kwa kuelekea kivulini. Rangi ilimtosha kwa mikono mitatu na kubakiza kiasi cha kijiko. Twaha alikuwa amepima hivyo.

Alipomaliza, Houssein alimwuliza kama sasa atakwenda kwa sheikh. Zaituni alisema bado. Kaka yake alimtazama, akautazama ukuta, akaelewa. Alivuta benchi, akaketi.

Mvua ilikuja wiki ya tatu ya Septemba, alasiri, kutoka magharibi, kama ambavyo huja siku zote. Zaituni alitoka nayo nje bila mtandio wa pili, akasimama mbele ya ukuta. Maji yaliupiga, yakateremka kutoka mbao hadi mbao, yakajikusanya kwenye kila ukingo wa chini, yakaning'inia huko kwa mistari kumi na tisa ya matone, yakadondoka. Hakuna lililoingia. Aliizunguka nyumba mara tatu, kitenge kikimgandama miguuni.

Mvua ilipopungua aliosha brashi kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, akazikung'uta, akaziviringisha kwenye gazeti, akazifunga kwa uzi. Alivaa nguo kavu. Alimwambia Houssein kwamba yuko tayari, waende kwa sheikh kabla ya magharibi, eda ianze kuhesabiwa leo.

Kabla ya kutoka kwenye ua alisimama kando ya ukuta mpya uliokuwa ukikauka, akaweka kiganja, akasugua mara moja na kukitazama. Kilikuwa kimelowa tu. Alikiacha ukutani tena kidogo, mpaka Houssein akakohoa barabarani, ndipo akamfuata.